Ami anasema "sio hii": nimtafutie I Feel Love ipi?

MwanaNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Tanga, naomba ushauri kwa wenye santuri na masikio.

Ami yangu alikuwa akipiga disko hapa mjini kuanzia 1977 mpaka 1981. Sasa ni mtu mzima, anashinda barazani, na mambo mengi yameanza kumpotea, ila nyimbo bado anazo. Mwezi uliopita nilishusha kasha lake la santuri, nikafufua mashine, nikaweka I Feel Love ya Donna Summer. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Sio hii. Yangu ilikuwa ndefu. Kuna pahala bibi anaacha kuimba, inabaki ngoma na besi, watu wanapiga makofi, halafu inarudi."

Nilizonazo: LP (albamu nzima) ya 1977, I Remember Yesterday, humo wimbo una dakika 5 na sekunde 53. Singo ya inchi 12 ya mwaka huohuo, dakika 8 na sekunde 15, na hiyo zipo mbili, zimefanana kila kitu. Rafiki akaniazima rimiksi, yaani wimbo uleule uliotengenezwa upya, ya Mmarekani Patrick Cowley, iliyotoka 1982, dakika 15 na sekunde 45. Nikajua hapa nimepata. Ilipofika katikati, vinanda vinapoanza kuzunguka, ami akasema: "Nzuri, lakini huyu simjui."

Sasa kuna mtu yuko nje anauza toleo analosema ni adimu. Mpaka linifikie Tanga ni kama laki tatu. Nafikiria kuuza moja ya zile mbili ili nipunguze gharama, maana moja ina mkwaruzo. Nichukue?

Kashata
LP iweke pembeni kabisa, mkuu. Humo I Feel Love ndiyo ya mwisho upande wa pili, imebanwa karibu na lebo. Santuri inazunguka kwa mwendo uleule, lakini duara la ndani ni dogo: pembeni sindano inapitiwa na kama sentimita 50 za mfereji kila sekunde, kule ndani ni 21 tu. Sauti yote imebanwa kwenye nafasi finyu, ndiyo maana "s" za mwimbaji zinakuwa na mchanga. Ile ya inchi 12 imepewa upande mzima, mifereji imeachana, besi ina pa kupumulia. Wimbo ni uleule, ila pale ndipo unasikia walichofanya studio kule Munich, Ujerumani.

BintiRaskazone
Kaka, kabla ya yote, spika zako zote mbili zinalia? Besi ya wimbo huu iko kushoto, na mwangwi wake, uliocheleweshwa kidogo, uko kulia. Zikikutana ndipo inakimbia. Upande mmoja ukifa, besi inachechemea na mtu aliyeuzoea atakwambia siyo wenyewe.

MwanaNgamiani
Dada, Mungu akubariki. Waya wa kulia kwenye kichwa cha sindano ulikuwa umeachia. Nimeuchomelea leo. Ami kasikia sekunde kumi tu akasema "hiyo ndiyo besi yangu." Lakini bado anasema siyo ndefu, na hairudi.

Mvita_Rekodi
Mimi ningenunua. Mwombe muuzaji picha ya maandishi yaliyochongwa pale mifereji inapoishia, kando ya lebo. Jalada linaweza kubadilishwa, yale hayabadiliki.

FundiWaPleti
Usitume hiyo laki tatu. Twende polepole.

Ya Cowley iondoe. Aliitengeneza 1978 kwa ajili ya ma-DJ, madukani imefika 1982, na ami yako keshaacha kazi. Tena Cowley aliongeza vinanda vyake mwenyewe, wakati ami anasema inabaki ngoma na besi. Hayo ni ya toleo la 1977. Ule mdundo mzito wenyewe ni ngoma ya kweli, mpiga ngoma Keith Forsey aliupiga kwa mguu, kwa sababu Moog, ile mashine ya umeme ya kutengeneza sauti, haikutoa kishindo walichokitaka. Ndiyo maana sauti ya bibi ikitoka bado watu wana cha kuchezea.

Kilichonigusa ni hili neno "inarudi". Na hizo santuri mbili zilizofanana. Enzi zile santuri kutoka nje ilikuwa mali, mtu hanunui mbili kwa bahati mbaya. Nijibu mawili: lebo zina alama yoyote? Na huo mkwaruzo uko mwanzoni au katikati?

MwanaNgamiani
Nimezitoa sasa hivi, niko chini ya taa. Lebo zote mbili zina kipande cha plasta, kimekatwa ncha kama mshale. Na siyo mkwaruzo kumbe, ni utepe wa kijivu, upana wa punje ya mchele, uko katikati ya mifereji. Zote mbili zinao. Mahali ni palepale.

FundiWaPleti
Hapo ndipo miksi yake ilipo, ndugu yangu. Alikuwa akipiga kipande cha ngoma kwenye mashine ya kwanza, huku ya pili ameirudisha kwa kidole mpaka mwanzo wa kipande hichohicho, anaishikilia, anaiachia. Plasta inamwonyesha sindano iko wapi bila kuinama. Kijivu ni sindano kupita palepale mbele na nyuma, usiku hadi usiku. Hakuna duka linaloiuza. Usiuze hata moja.

BintiRaskazone
Nimesisimka. Zioshe basi, na huu unyevu wa bahari ukungu haukosi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kifuate mfereji, lebo isilowe. Mwisho suuza kwa maji ya betri yasiyo na asidi.

MwanaNgamiani
Mrejesho. Jana baada ya Isha niliazima mashine ya pili. Ami sikumweleza kitu, niliweka mbili mezani, nikamvutia kiti. Alizitazama muda mrefu. Akashika plasta ya kulia, akaizungusha taratibu mpaka ikaelekea kwake, kisha ya kushoto. Mkono unamtetemeka siku hizi, lakini kidole kilipogusa santuri kilitulia.

Bibi akanyamaza, ngoma ikabaki. Kipande kilipokaribia kuisha akaachia ya pili, ikarudi. Na tena. Nilihesabu dakika 19. Mlangoni walisimama majirani wawili, mmoja mama mtu mzima wa rika lake, na ngoma ilipobaki peke yake mara ya tatu yule mama akaanza kupiga makofi. Ami hakugeuka, alinyoosha kidole tu kuelekea mlangoni, kuniambia: unasikia?

Wa laki tatu nimeshamwambia hapana. Sasa nielekezeni pa kupata sindano mbili zinazolingana.