Mpango wa kwanza wa kwenda Mirihi: tuufundishe bila kuitaja kambi ya Dora?

Wakuu, habari za leo. Kuna mchangiaji kaandika juzi kwamba Wernher von Braun, mhandisi wa roketi wa Ujerumani ya Hitler aliyehamia Marekani baada ya vita, ndiye baba wa safari za Mirihi, na habari za vita tuwaachie wanahistoria. Mimi nakataa.

Kazi yake siibezi. Mwaka 1948, akiwa Fort Bliss, kambi ya jeshi la Marekani huko Texas, alipiga hesabu ya safari nzima: vyombo 10, watu 70, na safari 950 za roketi za kupandisha mafuta na mizigo hadi kwenye mzingo wa Dunia. Kitabu chake, Das Marsprojekt, kilitoka 1952, Sputnik, satelaiti ya kwanza, ikiwa bado miaka 5. Utuaji ndio unanishangaza mpaka leo. Chombo cha kwanza, chenye mabawa, kingeshuka kwenye barafu ya ncha ya Mirihi kwa vibao vya kutelezea, kisha watu waendeshe magari kilomita 6,500 hadi ikweta, wakasawazishe uwanja ili wenzao watue kwa magurudumu.

Lakini roketi alijifunzia wapi? Kwenye V-2, kombora la Ujerumani la wakati wa vita. Kuanzia 1943 zilikuwa zikiundwa na wafungwa wa Dora, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, ndani ya mahandaki, na kwa miezi walilala humohumo, kwenye vumbi. Wafungwa kama 60,000 walipita kambini. Takriban 20,000 walikufa. Von Braun alifika kwenye mahandaki yale, na alikiri mwenyewe.

JIBU: Mkuu, uchungu wako naupata, ila hesabu haina chama. Njia ya kufika Mirihi kwa mafuta kidogo aliionyesha Walter Hohmann, mhandisi wa Essen, Ujerumani, mwaka 1925. Ni siku kama 260, aitumie mwema au mbaya. Mwanafunzi afundishwe kasoro ya kisayansi: mwaka 1965 Mariner 4, chombo cha Marekani kisicho na watu, ilipita Mirihi ikakuta mgandamizo wa hewa haufiki asilimia 1 ya wetu. Mabawa yale yasingebeba kitu.

MLETA MADA: Ndugu yangu, kwa Hohmann umenisaidia. Kumbe njia ilikuwepo miaka 23 kabla, bila handaki hata moja. Kosa la hewa namsamehe kwa moyo mweupe, maana vipimo vya 1948 visingemwambia. Dora alikuwa anaijua. Mwalimu akiandika ubaoni 10, 70 na 950, aandike na 20,000. Walimu wa fizikia mliomo humu, nyie darasani mnafanyaje?