Je, muuaji apewe kamera?

Juzi baada ya sala ya isha tuliitazama, hapa Bagamoyo, filamu ya hali halisi ya mwaka 2012 iitwayo The Act of Killing, ambamo wauaji wenyewe wanaigiza mauaji waliyoyafanya. Haijafika hata robo, mwalimu mmoja ninayemheshimu sana akainuka na kuaga, akisema kwamba kumwachia muuaji aigize mauaji yake ni kumtukuza yeye na kuwaua marehemu mara ya pili. Hoja yake ni nzito, ila siikubali, na ninaileta hapa tuijadili.

Kwa wasioiona: majenerali sita walipouawa Indonesia kuamkia tarehe 1 Oktoba 1965, jeshi chini ya Suharto liliwatwisha lawama Wakomunisti, na katika miezi iliyofuata waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki tano na milioni moja, wengi wao kwa mikono ya raia waliopewa ruhusa. Mmoja wa raia hao ni Anwar Congo, aliyekuwa mlanguzi wa tiketi za sinema mjini Medan. Anapanda juu ya jengo alikokuwa akiua na kueleza kwamba kipigo kilimwaga damu nyingi na kuacha harufu, kwa hiyo akahamia kwenye waya: ncha moja kwenye nguzo, nyingine kwenye kipande cha mti. Akishaonyesha, anacheza cha-cha-cha. Hapo ndipo mwalimu alipoinuka.

Kwangu mimi, kucheza kule ndiko ushahidi. Wauaji walikuwa huru na wenzao wakiwa na vyeo, ilhali Waindonesia wengi walioitengeneza filamu wameorodheshwa bila majina kwa kuhofia usalama wao. Hapa kwetu, karibu na ufukwe, kuna mnara mdogo panapotajwa kuwa Wajerumani waliwanyonga waliowapinga. Nimeupita tangu utotoni, lakini aliyeshika kamba simjui, wala sijui kama usiku ule alilala.

Nakubali kwamba waliouawa hawana sauti humo. Mwongozaji, Joshua Oppenheimer, aliwapa nafasi mwaka 2014 katika The Look of Silence, ambamo mpima macho aliyezaliwa baada ya kaka yake kuuawa anawahoji wauaji huku akiwapima miwani. Ningependa zionyeshwe pamoja.

Lakini mwalimu, hukuufikia mwisho. Anwar anarudi palepale juu, anakokomoa kwa muda mrefu, na hakuna kinachotoka. Sithubutu kuiita toba. Kama asingepewa kamera, sisi wa huku tungejuaje kwamba kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa akicheza?