Nyambizi za rimoti zenye redio ya 2.4: mnauza boti za kuzama alafu hamtaki kuambiwa

Wakuu salaam. Mods naomba msiuhamishe huu uzi kule kwenye utani maana sitanii hata kidogo, nina hasira.

Kuna muuzaji, jina nalihifadhi ila akisoma atajijua, anauza nyambizi ya rimoti "kamili, toa kwenye boksi weka majini". Mdogo wangu kajichanga kainunua. Kufungua boksi, redio ya 2.4 GHz, masafa ambayo hayapenyi maji. Kwenye nyambizi! Nikamwambia usiiingize majini kwanza, ila boksi limeandikwa kabisa inatii hadi kina cha mita tatu na video yao inaonyesha inapiga mbizi safi, basi akawaamini wao, na simlaumu, mtu akilipia kitu ana haki ya kuamini kilichoandikwa juu ya boksi.

Kilichofuata wazoefu mshakijua. Mnara, kile kinachosimama juu ya mgongo wa nyambizi, ulipofunikwa tu na maji, kwisha habari. Unasukuma usukani hamna, unarudisha mota nyuma hamna. Na hapo ndo uchafu wa pili ukajitokeza, maana feilsefu, yani kile risiva, kipokezi cha redio ndani ya boti, inachofanya ikikosa mawimbi, kwa hawa jamaa imewekwa ishikilie amri ya mwisho. Amri ya mwisho ilikuwa nini? Mapezi (vibawa vya kuinamisha au kuinua pua) chini, mota mbele. Kwahiyo boti ikaendelea kujipeleka chini kwa nguvu zake zote mpaka pua ikaingia kwenye tope, propela inazunguka tu huko hadi betri ikaisha, na tulipokuja kuinasa kwa ndoano silinda, lile bomba lisiloingiza maji lenye vifaa vya umeme, ilikuwa imejaa maji, servo (vimota vya kugeuza usukani na mapezi) zimekufa na risiva imekufa.

Alafu kijitabu chao ndo kinamwambia mtu aongeze vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) mpaka boti izame yenyewe hata bila mota. Nani anafundisha hivyo jamani? Kila anayeendesha nyambizi anajua unaiacha hata tangi la maji ya kuizamishia likijaa ibaki inaelea kidogo sana, ncha ya mnara inachungulia, unaishusha kwa mwendo na mapezi, ili mota ikizima ipande yenyewe. Na feilsefu unaiweka imwage maji ya tangi na mota isimame. Haya ni mambo ya siku ya kwanza.

Sasa ngoja niseme taratibu kwa wanaokuja kila wiki kubisha humu. Maji yananyonya mawimbi ya 2.4 GHz. Oveni ya maikrowevu inafanya kazi kwa karibu 2.45 na kinachopata moto humo zaidi ni maji yaliyo kwenye chakula. Rimoti yenyewe inatoa nguvu kidogo tu, alafu mnataka ipenye mita tatu za maji? Inapita sentimita chache basi. Ndo maana watu wa nyambizi tumeng'ang'ania masafa ya zamani, MHz 27, MHz 40 kwa Uingereza na nchi kadhaa za Ulaya, 75 kwa Marekani, ambayo kwenye bwawa lisilo na chumvi yanashuka mita kadhaa na boti inakusikia. Kwenye maji ya chumvi hata hiyo 40 inakufa karibu na uso kwasababu chumvi inafanya maji yapitishe umeme. Majeshi yenye hela zote duniani yanahangaika na hili hili, Marekani walikuwa na mitambo Wisconsin na Michigan iliyorusha kwa Hz 76, sio mega sio kilo, Hz sabini na sita, antena zake ni nyaya za makumi ya kilomita, na ilichoweza kutuma ni herufi chache taratibu kweli kweli, ikafungwa 2004. Alafu wewe na kiantena cha sentimita tatu unaniambia mita tatu.

Sisemi 2.4 ni mbaya. Kwa ndege na boti za juu ya maji ni mkombozi, zamani wawili mkiwa na kristali (vijidude vya kuchagua chaneli ya redio) za chaneli moja mwenzio akiwasha tu ndege yako inaanguka, hayo yameisha. Tatizo ni kwamba viwanda karibu vyote vimekimbilia huko na sisi tumeachwa tunaokota seti za mitumba zenye potentiometa (vile vya ndani ya vijiti vya rimoti) zilizochoka. Sawa, soko letu dogo, naelewa. Lakini kutokuwa na redio ya kuuza hakukupi ruhusa ya kuuza isiyofanya kazi.

Turudi kwenye ile video. Nimeikalia nikaiangalia polepole. Kila boti inapokaribia kuzama kabisa picha inakatwa. Na sehemu moja walipojisahau unaona kabisa waya mwembamba unatoka nyuma ya mnara unaishia kwenye kidude kinachoelea juu ya maji. Antena ya kuelea hiyo! Wanajua! Wanajua vizuri kabisa kwamba risiva lazima ipate antena juu ya maji, wakaifunga ya kwao siku ya kurekodi, alafu kwenye boksi la mteja waya haupo, kidude hakipo, na kwenye kijitabu hata neno moja hakuna. Hapa ndo nilipoacha kufikiria ni ujinga.

Tukawaandikia. Jibu la kwanza: chaji betri. Jibu la pili: "maji yako yatakuwa mazito". Maji mazito!! La tatu, refusha antena. Robo ya wimbi kwenye 2.4 ni kama milimita 31, ndo kile kipande kilicho wazi mwishoni, ukikiongeza urefu unaharibu hata kile kidogo ulichokuwa unapata. La nne wakatupa kuponi ya punguzo kwa boti ingine. Yani ninunue ya pili nayo iende kwenye tope.

Tangi nalo ni kituko. Boti ikiwa juu, vyote vilivyo nje ya maji vina ujazo wake, na ili vizame lazima tangi liingize maji ya uzito huo huo. Sentimita za ujazo 200 juu ya maji zinataka gramu 200 za maji, hakuna ujanja hapo tangu enzi za Archimedes. Wao kama tangi wameweka sirinji ndogo isiyofika hata nusu ya hapo, ndo maana wanakwambia jaza risasi, matokeo yake boti ikiwa "juu" unaona mnara tu, sitaha haijawahi kuona jua.

Lakini lililonitisha kuliko yote, na hili naomba mlisome hata kama hamna mpango na nyambizi, kijitabu kinasema betri ichajiwe ikiwa ndani ya silinda, vifuniko vimefungwa. Betri yenyewe ni ya asidi, ile ya jeli. Hizo zikichajiwa zinaweza kutoa haidrojeni, na ndani ya bomba la akriliki lililobanwa na oringi (pete za mpira) haina pa kutokea, inasubiri cheche ya mota tu. Hilo ni bomu mmempa kijana aweke mezani. Chaji nje, siku zote.

Na nyie mnaokuja na "mbona mimi ya kwangu ya 2.4 inafanya kazi". Inafanya kazi kwasababu mnara haujazama au upo sentimita mbili chini ya maji hatua chache kutoka uliposimama. Ukiweka feilsefu vizuri utaona kitakachotokea: inazama, inakosa mawimbi, inamwaga maji, inaibuka, inapata mawimbi, inazama tena. Utafanya hivyo mpaka gesi ya kusukumia maji nje ya tangi au betri iishe, na hiyo siyo kuendesha. Anayetaka 2.4 kwa heshima aweke antena kwenye periskopu akae kina cha periskopu, aseme hivyo wazi, hatuna ugomvi.

NYONGEZA: mmenijaza PM kuuliza kama ile boti inafaa kitu. Bodi nzuri, mapezi ni madogo mno yatanuliwe kidogo, sili za shafti tupa weka mpya na grisi ya silikoni. Risiva ya 40 ikipatikana, antena inyooshwe ndani ya bodi kwenye maji ila ncha yake izibwe kabisa, shaba isiguse maji. Mwenye seti ya 40 nzima, transmita na risiva na kristali zake, anicheki, sina haja na ubishi wa bei.

Na wewe muuzaji, nimeona umeingia humu kwa akaunti mpya kunisifia ile boti. Hela ya dogo irudi, na lile neno "mita tatu" litoke kwenye boksi. Kuponi yako kaa nayo.