Shule ya kanisa yenye picha za madaktari ukutani: nichukue mkopo?

Mama Z, Mikindani

Hamjambo wenzangu. Nina binti gredi ya tisa, mwaka huu anafanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na nyumbani mimi na baba yake hatusikilizani.

Kuna shule binafsi ya Kikristo ng'ambo ya daraja la Nyali (jina sitaji, msiniulize). Tulialikwa siku ya wazazi. Mahali pamepambwa, nyasi zimekatwa, watoto wanakuamkia kwa adabu hadi unaona haya. Ndani ya ukumbi kuna ukuta mzima wa picha za waliosoma pale: daktari, rubani, wakili, mwingine kavaa joho la chuo cha Uingereza. Chini ya kila picha, mwaka aliomaliza. Halafu bango: wastani wa KCSE (mtihani wa kumaliza kidato cha nne), 8.6.

Karo ya muhula mmoja inazidi mshahara wangu wa miezi miwili. Itabidi nichukue mkopo wa SACCO, chama chetu cha kuweka na kukopa, na mume wangu asimamishe ile nyumba anayojenga Voi. Yeye asema mtoto aende shule ya serikali atakayopangiwa, kusoma ni kichwa chake mwenyewe. Mimi zile picha zimeniganda kichwani. Binti si mbovu wala si wa ajabu, yuko katikati tu. Hesabu zinamtesa, ila kilimo na Kiswahili anavipenda.

Aliyesomesha shule kama hizo anijibu: picha zile ni za kweli? Na kwa mtoto kama wangu zina maana gani?

Kijana wa Tudor

Mama, chukua mkopo. Siku hizi kazi ni kujuana. Akikaa darasa moja na watoto wa wakubwa, kazi atapata hata kwa C. Nyumba ya Voi haikimbii.

Mwalimu Mstaafu, Kisauni

Mama Z, picha ni za kweli. Nimefundisha shule za aina hiyo hapa Mombasa, na kwa miaka mingi nilikuwa mimi ndiye ninayesajili watahiniwa wa KCSE. Sijaona shule iliyobandika daktari wa uongo. Tatizo ni kwamba ukutani pana nafasi ya watu ishirini, na shule imetoa mamia. Waulize hao wengine wako wapi.

Nianze na lile bango, maana hesabu yake naijua. KCSE inahesabiwa kwa pointi, A ni 12, E ni 1. Tuseme shule ina watahiniwa 40. Thelathini na watano wana wastani wa 8.6, watano waliobaki wana D+, yaani pointi 4 kila mmoja. Jumla 321, ukigawa kwa 40 unapata 8.0, na hiyo ni B-. Sasa waondoe wale watano. Wastani unaruka hadi 8.6, unaandika B, unaita mchoraji wa mabango. Hakuna mtoto aliyeongeza hata pointi moja.

Unawaondoaje? Njia ziko. Unamrudisha kidato cha pili. Unamwita mzazi ofisini, unamwambia kwa upole kwamba mtoto "angefaidika na mazingira mengine". Na kulikuwa na shule binafsi zilizosajili watoto dhaifu kwenye kituo cha pili cha mtihani, chenye jina jingine, ili kituo cha kwanza king'are. Wizara ilipopiga marufuku kuzipanga shule kwa nafasi mwaka 2014, mambo ya namna hiyo yalikuwa sehemu ya sababu. Kupanga kulikatazwa, mabango yakabaki.

Kwa hiyo swali la kwanza utakalouliza, na uliulize kwa uso mkunjufu: darasa lililomaliza mwaka jana liliingia likiwa na watoto wangapi, na waliofanya mtihani ni wangapi? Mwalimu mkuu mwenye rekodi safi atakujibu papo hapo. Ukiona anaanza kukueleza habari za bwawa la kuogelea, umejibiwa.

La pili ni alama za kuingilia. Hapo zamani za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, shule yenye jina haikugusa mtoto wa chini ya 350 kati ya 500. Ukipokea watoto wa 380 kwa miaka minne, wakatoka na B+, umefanya nini hasa? Anayekamua nazi iliyokomaa asijisifu kwa wingi wa tui. Shule ninayoivulia kofia mimi ni ile iliyompokea mtoto wa 240 akatoka na C+ akaingia chuo kikuu. Hiyo haina bango, na mara nyingi mwalimu mkuu wake hajui hata kama amefanya jambo kubwa.

Nitoke nje ya mada kidogo. Sisi watu wa Kisauni tunapita Kengeleni kila siku, na wengi hatukumbuki kwamba pale Freretown wamishonari wa Kianglikana wa CMS walianza kuwasomesha watumwa walioachiliwa huru tangu miaka ya 1870. Hawakuwa na mtihani wa kuingilia. Walipokea aliyeshushwa kutoka jahazini. Kabla yao kulikuwa na watumwa wengine walioachiliwa, waliosomeshwa Nasik, India, wakaletwa huku na Rabai. Mmoja wao, William Jones, alitawazwa shemasi wa Kianglikana mwaka 1885. Shule za kanisa Pwani zilianza na watoto ambao hakuna aliyewataka. Leo ukifika na mtoto wa wastani unaambiwa nafasi zimejaa. Basi, nimesema, nirudi.

Jambo ambalo wazazi hawaligusi kabisa ni walimu. Shule binafsi huajiri vijana wazuri waliotoka chuoni, wanaosubiri TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. TSC ikitangaza nafasi wanaondoka, hata katikati ya muhula, na siwalaumu, kule kuna pensheni. Kwa hiyo usiulize kama shule ina mwalimu wa hesabu. Uliza huyo aliyepo yuko pale tangu mwaka gani, na aliyemtangulia alikaa muda gani. Nimeshuhudia darasa moja likibadilisha walimu wa kemia kama sare za michezo, na bango likaendelea kuning'inia langoni.

Na hapa, mwanangu, ndipo binti yako anapoingia. Umesema anapenda kilimo na hesabu zinamtesa. Katika sekondari ya juu, kilimo kiko kwenye mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na anayekwenda STEM husoma hesabu nzito, si zile nyepesi za mikondo mingine. Akichagua kilimo, hesabu zinamfuata hukohuko. Kwake yeye mwalimu wa hesabu ana thamani kuliko rubani wa ukutani. Mkondo wa sayansi ya jamii nao usidharauliwe, Kiswahili chake kitapata pa kukaa. Muulizeni mwenyewe anataka nini.

Tena, hao wa ukutani wote ni zao la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu. KCSE ya mwisho ya mfumo huo ni 2027. Waliotangulia katika mtaala huu mpya walifanya KJSEA 2025, wakaingia gredi ya 10 Januari 2026, watamaliza 2028. Hakuna shule nchini, ya kanisa wala ya serikali, inayoweza kukuonyesha mhitimu wa sekondari ya juu kwa mtaala utakaomsomesha binti yako. Maabara lakini unaweza kuiona. Shamba la shule unaweza kuliona. Omba uonyeshwe.

Kipevu Kontena

Mimi nimesoma mojawapo ya hizo shule za kanisa, nikamaliza 2011. Nilipata C. Si C+, ni C yenyewe, kwa hiyo chuo kikuu sikupata nafasi. Nikaenda Bandari College, ambayo siku hizi inaitwa Bandari Maritime Academy, na sasa ninaendesha mitambo ya kupanga kontena Kipevu. Namshukuru Mungu, nalisha watu.

Ukutani simo, na sinung'uniki. Waliwahi kunipigia simu mara moja, wakitaka mchango wa basi la shule.

Mwalimu amesema kweli kuhusu walimu. Tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyekuwa akitufungulia maabara Jumamosi. Siku moja alituletea pampu mbovu ya kisima cha shule, akasema ifungueni, na jioni nataka ivute maji. Haikuvuta. Akatuachia tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, hadi ikavuta. Mimi kupenda mashine kulianzia hapo. Tukiwa kidato cha tatu TSC ikamchukua, akapelekwa mbali, nadhani Tana River. Baada yake fizikia ikawa ni kunakili ubaoni.

Halafu kuna daktari mmoja wa ukutani, mtu wangu sana mpaka leo, nililala kitanda cha juu yeye cha chini. Bwana huyo alikuja kidato cha kwanza amekwisha kusoma nusu ya silabasi. Baba yake ni daktari, mama yake mhadhiri, likizo alikuwa na walimu wawili wa nyumbani. Shule ilimsaidia, sikatai. Lakini hata mngempeleka shule ya chini ya mwembe angekuwa daktari.

Kijana wa Tudor, hayo ya kujuana ni kweli nusu. Kundi letu la wahitimu huchangia msiba na hospitali bila kuchelewa. Kazi, hapana. Kazi niliiona tangazo likiwa limebandikwa, kama kila mtu.

Baba Salma, Old Town

Naongeza kwa sisi Waislamu, maana wengi Mombasa tunasomesha watoto shule za kanisa na matokeo yake tunayapenda. Salma amesoma huko, na hakuna aliyemlazimisha ubatizo. Lakini yote niliyaomba kwa maandishi kabla ya kulipa hata senti: hijabu, Ijumaa, chakula cha Ramadhani, na kama atasajiliwa somo la dini ya Kiislamu kwenye mtihani au atabaki na la Kikristo. Kesi ya hijabu ya ile shule ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist ilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2019, na kanisa likashinda. Usitegemee "tutaelewana tu, mzee".

Mama Z, Mikindani

Mwalimu, shikamoo. Nimemsomea mume wangu ujumbe wako wote, tulipofika penye nazi akacheka mpaka akaitisha maji. Binti naye nimemuuliza kama ulivyosema. Ametujibu anataka kilimo, na hesabu "atazipigania". Sijui alilitoa wapi neno hilo.

Kipevu, asante. Ile habari ya pampu imenigusa kuliko ukuta mzima.

Sasa Mwalimu, haya maswali nitayaulizaje bila kuonekana mjuaji? Siku ile ya wazazi kila mtu alikuwa anatabasamu na mic iko mkononi mwa mchungaji.

Mwalimu Mstaafu, Kisauni

Marahaba mwanangu.

Usirudi siku ya wazazi. Nenda Jumanne au Jumatano, saa nne hivi, watoto wakiwa madarasani. Ukifika mapokezi sema unataka kuona maabara na shamba, basi. Mkutane na fundi wa maabara; huyo hajafundishwa kuuza shule, atakuambia kemikali ziliisha lini. Pitia nyuma ya madarasa, usipite mbele. Mwalimu akikosekana darasani, nyuma utasikia.

Orodha ya walimu waombe na namba zao za usajili wa TSC. Una sababu ya kuuliza, maana mwalimu asiyesajiliwa haruhusiwi kisheria kufundisha, hata shule binafsi. Usiiombe kwa ukali. Sema baba wa mtoto ndiye anayetaka, ndivyo walivyo wanaume. Mumeo atanisamehe.

Na hiyohiyo orodha ya maswali uipeleke shule mbili za serikali mlizo na uwezekano wa kupangiwa. Kisha mlinganishe. Nisingependa uone ninapigia debe upande mmoja. Nimeona shule ya serikali yenye walimu waliokaa miaka kumi na maabara ya kuvutia, na nimeona nyingine hata chaki ni za kuhesabu.

Kijana wa Tudor

Haya Mwalimu, nimeshindwa. Lakini wakisema nafasi zinaisha alipe sasa?

Mwalimu Mstaafu, Kisauni

Watasema. Kila mwaka nafasi zinaisha, na kila Januari utaona tangazo kwenye uzio kwamba bado zipo chache. Ada ya kushika nafasi aulize kama hurudishwa mtoto akipangiwa kwingine, na jibu liwe kwenye risiti. Aulize pia kama karo ya gredi ya 10 ndiyo itakayokuwa ya gredi ya 12, na vitu gani havimo ndani yake: basi, vitabu, kambi ya maombi, mavazi ya kwaya. Hivyo ndivyo humaliza mkopo kabla ya muhula wa pili. Na SACCO, Mama Z, usiweke sahihi mpaka matokeo ya KJSEA yatoke.