Muuza mchoro wa treni ya mbao kaniingiza mkenge, mchoro wenyewe hajawahi kuujenga hata siku moja

Wakuu habari zenu, mimi leo sina salamu ndefu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka na hiyo mikono yenyewe imejaa gundi hadi kwenye kucha, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Miezi mitano iliyopita nilinunua mchoro mtandaoni wa kichwa cha treni ya mvuke, cha mbao tupu, unajenga mwenyewe kwa mkono. Kurasa 22 za pidiefu. Tangazo linasema vipimo vyote vimehakikiwa, rahisi kwa anayeanza, wikendi mbili unamaliza. Picha ya mbele treni inang'aa balaa. Kumbe, na hili nimelijua juzi usiku, ile sio picha ya treni ya mbao, ni kitu kimechorwa kwenye kompyuta. Vuta karibu uone: kifundo cha mbao kiko pale pale kwenye magurudumu yote 6 makubwa, umbo lile lile. Mti gani huo unaota vifundo kwa kopi?

Kabla hamjaniuliza, mimi sio mgeni wa mbao. Randa naijua, patasi naijua, nimetengeneza stuli na makabati kibao. Treni ndio ilikuwa ya kwanza, na niliichagua hii sababu ni ile ya magurudumu 4 madogo mbele, 6 makubwa katikati, 2 nyuma chini ya chumba cha dereva, wenyewe wanaandika 4-6-2. Skeli ni 1:32, yaani milimita 1 kwenye meza yako ni milimita 32 kwenye treni ya kweli. Reli ya kawaida duniani ina upana wa milimita 1435, gawanya kwa 32 unapata karibu 45, na kweli mchoro umeandika 45. Hapo nikasema huyu jamaa anajua kazi yake. Ndio kipimo pekee alichopatia nadhani.

Tuanze na boila. Boila la mbao lenye umbo la bomba unaweza kulikereza kwenye mashine kutoka gogo moja, au unalijenga kama pipa, vibao virefu unavichonga kingo kwa mshazari, unavilaza vimepangana juu ya masking tepu, unamwaga gundi katikati, unavikunja vyote vinajifunga vinakuwa mviringo. Ni njia tamu sana ikikubali. Mchoro unasema vibao 12, kila ukingo ukate digrii 12. Nami kwa akili zangu zote nikakata, kingo 24, moja moja, kwa randa, siku tatu. Nimekunja, boila halifungi! Limebaki wazi chini vidole viwili vinapita. Nikadhani nimekata vibaya, nikalibana kwa klempu kwa hasira, vibao viwili vikapasuka paa.

Ndipo nikakaa chini nikapiga hesabu ambayo mtoto wa shule anaiweza. Duara digrii 360, gawanya kwa 12 ni 30, kila kibao kina kingo mbili kwa hiyo kila ukingo ni 15. Yeye kaweka 12. Mara mbili ni 24, mara vibao 12 ni 288, zinabaki digrii 72 hewani. Ingekuwa vibao 15 kwa digrii 12 ingefunga, vibao 12 kwa digrii 15 ingefunga, yeye kachanganya madesa. Haya, nikasema kuteleza sio kuanguka, binadamu anakosea, nikatupa mbao ile nikachonga upya. Hapo bado nilikuwa na moyo mweupe wakuu.

Magurudumu sasa. Mchoro unasema kata duara la milimita 64 kutoka kwenye ubao wa kawaida. Basi. Ubao gani, mkavu kiasi gani, nyuzi zielekee wapi, kimya. Mbao inapokauka haisinyai sawasawa kila upande, kwa urefu wa nyuzi haisogei karibu chochote lakini kwa upana inasinyaa sana, kwa hiyo duara ulilokata kwenye ubao ambao haujakauka vizuri linageuka yai. Nilikata yote 6, nikapiga msasa namba 120 kisha 240, mazuri kama sahani, nikayaweka kabatini nikaendelea na chumba cha dereva. Wiki tano baadaye napima, upande mmoja 64, upande mwingine 62.8. Treni ikikaa juu ya hayo itachechemea kama ina jiwe kwenye kiatu. Sawa, ubao mbichi ni uzembe wangu pia, nakubali, lakini mtu anayeandika "rahisi kwa anayeanza" ndio wa kumwambia anayeanza kwamba gurudumu la mbao unabandika tabaka mbili nyembamba nyuzi zikikatana, au unatumia plaiwudi nzuri, ili kila tabaka limzuie mwenzake. Mstari mmoja tu! Kurasa 22 hakupata nafasi ya mstari mmoja, ila nafasi ya kuweka nembo yake kila ukurasa alipata.

Lakini hayo yote ni utangulizi, kilichonileta hapa ni chasi na ile mikono inayounganisha magurudumu makubwa matatu kila upande, ule mtalimbo unaouona unapanda na kushuka treni ikitembea. Hicho ndicho kitu mtu anajengea treni ya mvuke. Bila hicho hilo ni boksi lenye magurudumu.

Ukurasa wa 3, chasi, umbali kutoka ekseli hadi ekseli umeandikwa milimita 66. Ukurasa wa 7, mikono, umbali kutoka tundu hadi tundu umeandikwa 70. Wakuu huo mkono unapita kwenye pini za magurudumu hayo hayo, vile vijiti vinavyochomoza pembeni ya ekseli! Matundu lazima yalingane na ekseli, hamna mjadala, yakizidi hata milimita moja gurudumu halizunguki, sembuse nne. Na ukiangalia vizuri unaona kabisa kilichotokea. Gurudumu ni 64 pale linapokanyaga reli, ila gurudumu la treni lina ule ukingo wa ndani unaolizuia lisichomoke kwenye reli, na yeye ukingo kauweka milimita 2 kuzunguka. 64 jumlisha 2 huku na 2 kule ni 68. Ekseli zikikaa 66, kingo za magurudumu zinagongana kabla hujafika popote. Bila shaka aliligundua hilo akiwa kwenye kompyuta, akasogeza mikono ikawa 70 ili kubaki na nafasi ya milimita 2, akasahau kurudi ukurasa wa 3 kurekebisha chasi. Mtu akijenga hata mara moja, MARA MOJA TU, analiona hili siku ya kwanza ya kupachika magurudumu. Hakujenga. Hakuna aliyejenga. Mimi ndio nimekuwa panya wake wa majaribio, na panya aliyelipa.

Nikamwandikia kistaarabu kabisa. Akajibu eti umeprinti vibaya, umeweka ile ya kujaza ukurasa, imesinyaza mchoro. Sasa nikiri, mara ya kwanza kweli nilifanya hivyo, ule mstari wa kupimia ambao ulitakiwa uwe milimita 100 ulitoka 96, nikagundua, nikaprinti upya kwa asilimia 100 ikakubali. Lakini ndugu yangu, printa inasinyaza MCHORO, haibadilishi TARAKIMU! 66 imeandikwa kwa namba pale, 70 imeandikwa kwa namba kule, printa gani inafuta 70 inaandika 66? Nikampigia picha kurasa zote mbili nikazizungushia kwa peni nyekundu. Akasema atalifanyia kazi. Wiki tatu. Nikaweka komenti chini ya tangazo lake, ikafutwa. Nikaweka tena, akanibloku. Tangazo bado lipo, bado limeandikwa vipimo vyote vimehakikiwa.

Nikasema potelea mbali, nimeshayavulia maji nguo. Nikatoboa chasi upya kwa 70, nikachonga mikono upya pia maana ile ya kwanza ilikatikia kwenye matundu, mchoro ulikuwa umeipanga kuvuka nyuzi ili iingie kwenye kaubao kadogo, na kijimkono chembamba kikivuka nyuzi kinavunjika kama biskuti. Nimetumia mbao ngumu, nyuzi zinafuata urefu, safi. Nikapachika, nikasukuma treni, ikaenda nusu mzunguko ikakwama. Narudisha, inakwama. Gurudumu la mbele linataka kwenda mbele la nyuma linarudi nyuma.

Hili nalo mchoro umekaa kimya, na ndio siri kubwa ya treni zote za aina hii. Pini za upande wa kulia na za kushoto hazitakiwi kukaa sawa, kwa injini ya silinda mbili zinaachana digrii 90. Za kulia zikiwa juu, za kushoto ziko mbele au nyuma. Kwenye treni ya kweli ni ili pistoni moja ikifika mwisho wa safari yake pale ambapo haisukumi kitu, mwenzake iwe katikati ya nguvu. Kwenye hii yetu ya mbao ni ili mikono ya upande mmoja ikijinyoosha mstari mmoja na ekseli, pale ambapo gurudumu haliambiwi liende wapi, upande wa pili uwe unaliongoza. Yeye kachora kulia na kushoto ziko sawa sawa, maana kachora upande mmoja akageuza kama kioo akaenda kulala. (Za silinda tatu hesabu ni nyingine, najua, msije kunirukia.)

Niliyatoa magurudumu kwa kuyapasua sababu gundi ilishakauka. Sita. Nililia? Sisemi.

Kinachoniuma zaidi sio hela. Ni kwamba kuna watu wanaanza hobi hii, wakikwama kwenye digrii 90 wanajiona wao ndio wajinga, wanafungia vipande kwenye boksi hawagusi tena msumeno. Kumbe mjinga yuko kule anauza. Mtu muungwana angemwambia anayeanza ajenge kitu kama Rocket ya 1829, kile kichwa cha treni ya mvuke cha zamani cha Uingereza, ile ina magurudumu makubwa mawili tu ya kuendeshea, hamna mikono ya kuunganisha, hamna digrii 90 za kukuliza kati ya ekseli na ekseli, na magurudumu yake ya kweli yalikuwa ya mbao yakavishwa chuma, boila lenyewe lilivishwa vibao kwa nje. Treni ambayo ilikuwa na mbao kweli! Lakini hapana, 4-6-2 ndio inapendeza kwenye tangazo.

Na nyie wa video za dakika nane, msijifiche huko nyuma. Unaonyesha unakata chimni kwa dakika tatu na muziki juu, ikifika kwenye magurudumu picha inaruka, ghafla treni inatembea. Hapo katikati ulifanya nini? Hapo ndipo tunapotaka kuona!

NYONGEZA: Naona watu wameshaanza. Mkuu aliyeuliza digrii 90 unaipataje bila mashine, nimechukua kipande cha ubao nene nikakiweka wima, nikatoboa tundu la ekseli, nikatengeneza na cha pili kama hicho. Kimoja kina kijitundu cha pini juu ya ekseli, kingine kijitundu cha pini pembeni yake, umbali ule ule. Unapaka gundi, unaingiza ekseli na magurudumu mawili, pini zinakaa kwenye vijitundu vyake, unaacha hadi kesho. Ekseli zote tatu zinatoka sawa kwa sababu zimepita kwenye kifaa kimoja. Hata kama sio 90 kamili, 89 sawa tu, muhimu zote tatu zifanane.

Na wewe uliyesema nikate kwa leza niache kulalamika, leza ingenikatia 66 na 70 hizo hizo, tena kwa usahihi mkubwa.

NYONGEZA 2: Jana usiku imezunguka. Mizunguko kama kumi kwenye meza, bila kukwama, mikono inapanda na kushuka. Bado behewa la makaa na magurudumu yake 8, na sithubutu kukata kitu. Kuna mdau kasema ana toleo jipya la mchoro huu huu. Mkuu naomba unifungulie ukurasa wa 3 na wa 7 uniambie pameandikwa ngapi, kisha ukurasa wa 15, urefu wa behewa la makaa, maana mimi kwangu ubavu wa kulia ni 212 na wa kushoto ni 208.