Wauza laptopu used Kariakoo, "Core i7" si sifa! Mmenitia aibu kwa mama wa bibi harusi

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile za "laptopu gani nzuri kwa laki tano", maana mimi sikuja kuuliza. Nimekuja kulalamika, tena nimejaa hadi hapa kooni.

Nimepigwa. Laki nane na nusu, hela ya kikoba, na marejesho bado nadaiwa.

Mimi naishi kwa kazi mbili. Wikiendi nashika kamera kwenye sendoff na harusi, siku za katikati nakaa na rafiki yangu tunaandika programu ndogo za Android za maduka na saluni. Laptopu yangu ya zamani ilianza kutoa mistari kwenye skrini, fundi akaniambia bei ya kuitengeneza inakaribia bei ya nyingine. Nikashuka Kariakoo.

Mnaoujua mtaa wa Aggrey mnajua. Hujafika hata mlangoni, winga, yaani dalali wa mtaani, keshakushika mkono. "Kaka, unatafuta mashine? Njoo nikupe chuma. Core i7, mzigo umeingia jana kutoka Uingereza." Nikamweleza kazi yangu vizuri tu, kuediti video na kuandika programu za simu kwa Android Studio. Hakupepesa macho. "Core i7 kaka! Hii inabeba kila kitu. RAM 8, ukitaka hata kesho unaongeza 16. SSD mpya ya 512. Windows 11, na Adobe zote tumeshakuwekea bure." (RAM ni memori ya kufanyia kazi, SSD ni diski ya kuhifadhia.) Akaipitisha kitambaa, ikang'aa. Kona za laptopu zimechubuka, lakini stika ya i7 mpya kabisa, haina hata mkwaruzo. Hapo ndipo kichwa changu kilitakiwa kushtuka. Hakikushtuka.

Kazi ya kwanza ilikuwa sendoff ya Jumamosi. Picha za 4K, nyingine za kamera, nyingine nimechukua kwa simu kwa H.265 ya biti 10, mfumo wa kubana video. Nikaweka DaVinci Resolve, programu ya kuediti video, toleo la bure, nikaburuta klipu ya kwanza kwenye taimulaini. Mashine ikanyamaza. Kisha feni ikaanza kulia kama lori linapanda Kitonga na mzigo wa saruji. Halafu ukaja ujumbe kwamba memori ya GPU, yaani chipu ya picha, imejaa. Klipu moja wakuu! Nikawasha tena, nikashusha ubora, nikacheza pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Akaingia kwa kurukaruka, hatua moja, kimya, hatua ya nne, kimya, mara yuko mezani anakata keki.

Ndipo nikafungua kuangalia jina kamili la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. i7-6600U.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa nyie mnaojiandaa kwenda kununua. Ile namba baada ya mstari ndiyo inayosema ukweli. Tarakimu ya kwanza hapo ni 6, maana yake kizazi cha sita, chipu ya mwaka 2015. Ile U ya mwisho maana yake imetengenezwa ili itumie umeme kidogo, wati 15, ya kuandikia barua na kujibu barua pepe ofisini. Ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili tu za kufanya kazi kwa pamoja. Viwili! Halafu pembeni yake kuna i5-8250U, ya 2017, ambayo watu wanaipita dukani wakiiona "i5 tu hiyo", nayo ina viini vinne na nyuzi nane, yaani inashika kazi nane kwa mpigo. Kwenye kurenda video, yaani kuitoa ikiwa kamili, hiyo i5 inaiacha i7 yangu mbali, na mara nyingi used yake haipishani sana bei na hiki nilichobebeshwa.

Na hiyo video ya simu iliyonitesa? Kizazi cha saba ndipo Intel walipoweka ndani ya chipu sehemu ya kufungua H.265 ya biti 10 kikamilifu. Cha sita hakinayo hiyo kamili, kwa hiyo kila fremu inapasuliwa na vile viini viwili maskini. Ndiyo maana feni inalia. Mtu anayeuza kompyuta kila siku ya Mungu anatakiwa kulijua hili kuliko mimi ninayenunua moja kwa miaka minne.

Jumanne simu ikaita. Mama wa bibi harusi. Nikaamkia, shikamoo mama. "Marahaba mwanangu. Nauliza tu, ile sherehe tuliifanya au tuliiota?" Sikuwa na jibu. Nilimwahidi siku tatu.

Nikaachana na Resolve, nikaweka Kdenlive, ambayo inatengeneza prokisi yenyewe, yaani nakala nyepesi za video unazokatia, halafu mwisho inarudi kwenye zile halisi. Ikanisaidia, sikatai. Kukata nikamaliza. Nikaanza kutoa video nzima saa tatu usiku. Saa nne umeme ukakatika. Nikasema si neno, betri ipo. Dakika thelathini na nane, kwaheri. Faili nusu, halifunguki.

Kesho yake nikaandika powercfg /batteryreport kwenye ile skrini nyeusi ya amri. Amri moja tu, haihitaji kushusha chochote, Windows inakutolea ripoti ya betri. Uwezo iliotoka nao kiwandani mWh 50,000 na kidogo. Uwezo uliobaki mWh 19,000. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure, kuangalia ile SSD "mpya". Saa 31,000 za kuwashwa. Gaweni kwa 24 mwone, ni miaka mitatu na nusu bila kuzimwa mchana wala usiku. Hii laptopu ilikuwa inalinda benki au?

RAM ndiyo imeniumiza kuliko vyote. Nilikuwa nimeshapanga, mwezi ujao naongeza zifike 16, maana Google wenyewe wanasema ukitaka Android Studio pamoja na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) uwe na GB 16. Nikampelekea fundi ninayemwamini. Akaifungua, akaniangalia, akaifunga. "Dogo, hapa hakuna soketi. RAM imechomelewa kwenye bodi." Mashine nyembamba nyingi ziko hivyo. Hata MacBook Air ya M1 ya 2020 ukinunua ya 8 utazikwa nayo ikiwa 8. Lakini Apple hawakushiki mkono Aggrey wakakwambia utaongeza kesho! Na ningeweza kulijua pale pale dukani kwa sekunde kumi. Fungua Task Manager, upande wa memori, soma palipoandikwa Form factor. Ukikuta SODIMM, mara nyingi inachomoka. Ukikuta Row of chips, ndugu yangu, irudishe mezani uombe maji ya kunywa.

Tukija kwenye zawadi, hizo "Adobe zote bure". Kwanza Windows 11 yenyewe haitakiwi kukaa kwenye chipu hii, Microsoft wanaanzia kizazi cha nane kwa Intel, kwa hiyo wameiingiza kwa kuruka ukaguzi. Wamefanya hivyo kwa sababu Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025 na wanajua mteja ataiuliza. Hilo ningelisamehe. Lakini nikafungua Windows Security nikakuta kinga imezimwa, na kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa wameweka diski C nzima. Nzima! Yaani wameng'oa mlango ili Photoshop ya kraki, yaani ya wizi, ipite, na mlango hawakuurudisha. Mimi kwenye mashine hiyo nilikuwa nimeshaingia barua pepe, akaunti ya kupandishia programu za wateja, na ukurasa wa Instagram wa saluni moja. Usiku huo nilikaa na simu nabadilisha nywila moja baada ya nyingine mpaka saa nane. Nimefuta kila kitu nikaanza upya.

Najua kuna watakaokuja hapa kutetea kraki. Nawaelewa, Adobe tangu 2013 wamehamia kwenye kukodisha kwa mwezi, tena kwa dola, na mteja wangu analipa kwa awamu tatu, ya mwisho haiji. Lakini wakuu, programu kwa sasa si shida yetu tena. Resolve ya bure inatoa mpaka 4K. Blender bure, Krita bure kwa wachoraji, Inkscape kwa nembo, Audacity kwa sauti, VS Code kwa sisi waandika programu. Vyote halali, vyote vinasonga mbele kila mwaka. Mtoto wa Mbagala leo ana karakana ile ile aliyonayo mtu wa London. Anachokosa ni chuma cha kuiendeshea, na hapo kwenye chuma ndipo winga anapomsubiri na stika.

Nikarudi dukani. Winga hayupo, ameenda kusali, ameenda kula, ameenda Ubungo, kila anayeulizwa ana jibu lake. Nikamkuta mwenye duka. Mtu mzima, nikamsalimia kwa adabu, nikaeleza. Akaichukua laptopu, akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye stika. "Hapa pameandikwaje?" Core i7. "Sasa kijana wangu, tumekudanganya nini?"

Na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kwenye jina hakunidanganya! i7 ni i7 kweli. Ananiuzia jina kama jezi namba kumi, halafu ndani ya jezi yumo mzee wa viini viwili anayehema. Nikamwambia basi RAM, winga wako alisema inaongezeka. Akasema winga si mfanyakazi wake. SSD je? "Inawaka, haiwaki?" Betri? "Used ni used." Nikatoa risiti, ambayo si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ni kile kikaratasi cha kuandika kwa mkono. Imeandikwa "laptop 1", na chini mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Akanipa ofa niongeze laki mbili anibadilishie nyingine. Core i7, anasema. Nikauliza i7 ngapi? Akacheka akamtazama mwenzake.

Kwa wanaopenda kusema "hakuna sheria nchi hii", ipo. Sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na kuna Tume ya Ushindani chini ya sheria ya 2003 inayopokea malalamiko ya walaji. Shida yangu ni ushahidi. Maneno ya winga yalipeperuka pale pale barabarani. Ningemwambia mwenye duka aandike kwenye risiti, "i7-6600U, RAM 8 inaongezeka, SSD 512 mpya", leo nisingekuwa naandika uzi, ningekuwa naandika barua. Andikisheni wakuu. Akikataa kuandika, hapo ameshakujibu.

Na viwanda navyo visijifanye watakatifu, maana mchezo huu wa majina hawakuubuni watu wa Aggrey. AMD walitoa Ryzen 5 7520U mwaka 2022, ukiisoma unaona 7000, unadhani ni mpya tupu. Kumbe inayosema teknolojia ya ndani ni tarakimu ya tatu, ile 2, yaani Zen 2, ya kizazi cha 2019. Tarakimu ya tatu! Nani anayesimama dukani na mtoto mgongoni akahesabu tarakimu ya tatu?

Msije kuniambia ninunue MacBook Pro. Ningekuwa nayo hiyo hela nisingekuwa kwenye kikoba. Na usije wewe wa "mimi nina Core i3 ya 2012 naediti sinema", tumekusikia nyuzi zote.

Sendoff nimeitoa, nimeazima kompyuta ya mezani ya jamaa yangu mwenye steshenari, i5 ya kizazi cha nane, saa moja na nusu imeisha. Mama amepokea flashi yake, amelipa nusu, nusu nyingine amesema ataiota. Android naendelea kibishi, emuleta nimeizima, najaribu programu kwenye simu yangu kwa waya wa USB, inavumilika.

Jumatatu narudi dukani. Ripoti ya betri nimeichapisha, picha ya zile saa 31,000 nimeichapisha, na naenda na shangazi, ambaye hajui prosesa ni nini lakini hajawahi kutoka duka lolote bila kurudishiwa hela. Nitawaletea mrejesho.

Mwenye kulijua duka ambalo mwenyewe anakubali uchomeke flashi yako, ukague nusu saa, akuandikie modeli kamili kwenye risiti ya EFD ndipo ulipe, aliweke hapa hadharani. Winga asinifuate PM. Tayari wameshakuja wawili, na mmoja wao ananiambia ana Core i7 kali.