Mrejesho: kangaja watatu, tangi moja

Hamjambo wenzangu. Mwezi wa tatu niliuliza kangaja gani, wale samaki wa baharini wenye wembe mkiani, wataishi pamoja bila kuumizana kwenye tangi langu la lita 1,200 hapa Tudor, Mombasa. Mlisema nichanganye maumbo, maana kangaja humwandama zaidi anayefanana naye, na mkorofi aingie mwisho.

Alitangulia puju, naye ni jamaa ya kangaja. Karantini, yaani kumtenga kwanza peke yake, ilinifaa sana: ugonjwa wa vidoa vyeupe ulimtokea humo, si tangini. Akafuata Zebrasoma, yule mwenye mapezi kama tanga. Mwisho kangaja wa buluu, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano.

Huyo ndiye aliyenikosesha usingizi! Alimgeuzia Zebrasoma ubavu, akampiga kwa ule wembe wa shina la mkia, magamba yakapeperuka. Nikamfungia siku tano katika kisanduku chenye matundu humo humo ndani. Nilipomwachia nikaegemeza kioo cha kujitazamia nje ya tangi. Akashinda akipigana na sura yake, wenzake wakapumua.

Leo wote watatu wanadonoa mwani niliobana kwa kibanio, bega kwa bega. Aliyenishauri kioo, Mungu akubariki.